Usivute tena kamba: fungua plagi kwanza

*"Nina mashine ya kufyeka majani ya kuvaa begani, ile ya kuchanganyiwa petroli na oili. Niliitumia mara ya mwisho miezi minne iliyopita, ikafanya kazi vizuri, nikaiweka stoo na mafuta nusu tangi. Juzi nimeitoa, nimevuta kamba mpaka bega linauma. Ilikohoa mara moja tu, mwanzoni kabisa, ikanyamaza. Nikanunua plagi mpya, wapi! Jirani mmoja anasema nizidishe oili kwenye mchanganyiko kwa sababu injini imekauka. Mwingine anataka nizungushe skrubu za kabureta. Wa tatu anasema nimwage petroli kwenye silinda. Plagi nikiitoa nakuta imelowa. Je, injini imekufa? Nianzie wapi?"*

Pole na bega, na kwanza iache hiyo kamba. Kama mashine haijawaka kwa mivuto kumi, haitawaka kwa mivuto hamsini. Utaimwagia mafuta zaidi tu, na mwishowe utakata kamba au kuvunja springi yake, uwe na matatizo mawili badala ya moja.

Sidhani injini yako imekufa. Umeniandikia mambo mawili yanayonipa moyo, ingawa umeyataja kama kwa bahati: kwamba ilikohoa mwanzoni, na kwamba plagi, ile inayotoa cheche ndani ya silinda, imelowa. Injini iliyokufa haikohoi. Kule kukohoa ni mlipuko mmoja kamili, maana yake siku hiyo cheche ilikuwepo, mafuta yalifika, na pistoni iliweza kuyagandamiza. Na plagi iliyolowa inasema kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, bado inapitisha mafuta. Kwa hiyo nashuku vitu viwili vilivyofuatana: mafuta yako yamechacha, halafu wewe mwenyewe ukaizidisha injini mafuta kwa kuendelea kuvuta kamba huku choki, kile kizibo cha hewa cha kuwashia, ikiwa imewekwa. Karibu kila mtu hufanya kosa hilo, na wengi hawajui wamelifanya lini.

Nikueleze kinachoendelea humo ndani, maana ukikielewa utajua kwa nini plagi mpya haikusaidia.

Injini ya mipigo miwili haina valvu juu wala oili yake chini kama ya gari. Pistoni inapopanda, inagandamiza mchanganyiko ulio juu yake, na papo hapo inavuta mchanganyiko mwingine kutoka kwenye kabureta kuingia chini yake, kwenye chumba cha krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni. Inaposhuka, inausukuma ule wa chini upite kwenye mifereji ya ubavuni hadi juu, huku moshi ukitokea upande wa pili. Mwingereza Joseph Day ndiye aliyebuni namna hii ya kukifanya chumba cha krenki kuwa pampu, akapata hataza yake mwishoni mwa karne ya 19, na hadi leo mashine yako inapumua vilevile. Ndiyo maana oili huchanganywa na petroli: krenki, beringi na kuta za silinda hazina oili nyingine zaidi ya ile inayopita na mafuta.

Sasa angalia kilichotokea kwako. Mafuta yote yaliyovutwa yakashindwa kuungua hayakubaki juu kwenye plagi peke yake. Mengine yametulia chini, kwenye chumba cha krenki, kama maji kwenye sakafu ya mtumbwi. Ukifuta plagi, au ukiweka mpya, ukavuta mara mbili, yale ya chini yanapandishwa na kuilowesha tena. Plagi mpya yako inawezekana ni nzima kabisa. Uliiingiza kwenye dimbwi.

Kukausha dimbwi hilo ni kazi ya nusu saa. Ifanyie nje, mbali na moto wowote, na sigara isiwepo. Zima swichi ya mashine. Toa plagi, na kofia yake uielekeze pembeni, isikaribie tundu. Mwaga mafuta yote ya tangi kwenye chombo chenye mfuniko. Usiyamwage ardhini wala mtaroni. Toa choki, bana resi hadi mwisho, kisha inamisha mashine ili tundu la plagi litazame chini. Uso wako usiwe mbele ya tundu, maana petroli itaruka. Vuta kamba mara kumi hadi kumi na tano. Mara za kwanza utaona mvuke mzito na hata matone. Ukiona pumzi inatoka kavu, umefika. Iache wazi robo saa nyingine ipumue.

Wakati unasubiri, zikague plagi zote mbili, hasa ile ya zamani. Mimi nikiletewa mashine, kabla sijauliza maswali mengi naomba plagi. Ikiwa na rangi ya kahawia kama chai ya maziwa, injini ilikuwa inaungua vizuri. Masizi makavu meusi ni dalili ya hewa kidogo au mafuta mengi, na hapo naenda kwenye kichujio cha hewa. Weusi wa kunata unaong'aa ni oili iliyozidi. Nyeupe kama chokaa ndiyo inayonitisha, kwa sababu injini ilikuwa inapata mafuta kidogo na kuungua kwa joto kali. Isafishe kwa brashi ya waya na kitambaa, usitumie msasa wala mchanga, kwa sababu punje zake hujificha kwenye kauri na baadaye huangukia ndani ya silinda. Nafasi kati ya zile ncha mbili iwe kati ya milimita 0.5 na 0.7, isipokuwa kijitabu cha mashine yako kiseme vingine.

Kwa kuwa una plagi mbili, tumia bahati hiyo kupima cheche kwa usalama. Ile ya zamani ifungie kwenye tundu kwa mkono tu, iwe kizibo cha kuzuia mvuke wa petroli usitoke. Ile mpya ivalishe kofia, kisha chuma chake kiguse mwili wa silinda, mahali pasipo na rangi. Washa swichi, simama kivulini, vuta kwa nguvu. Unatafuta cheche ya buluu, fupi, yenye mlio. Cheche ya njano dhaifu, inayokuja na kupotea, haitoshi, kwa sababu ndani ya silinda hewa imebanwa na cheche hupata shida zaidi kuruka kuliko hapo nje. Isipotokea, jaribu ile nyingine kabla hujalaumu kitu. Plagi mpya mbovu zipo, nimezitoa dukani mwenyewe.

Zikikataa zote mbili, kuna waya mwembamba unaotoka kwenye koili, kifaa kinachozalisha umeme wa cheche, kwenda kwenye swichi ya kuzimia. Kazi yake ni kuua cheche. Ukichubuka mahali ukagusa chuma, mashine inakuwa kama imezimwa siku zote, hata uvute hadi kesho. Uchomoe kwenye koili, upime tena. Cheche ikirudi, shida yako ni waya au swichi, na hiyo ni kazi ya dakika chache. Usisahau kuurudisha, maana bila huo mashine ikiwaka hutaweza kuizima kwa swichi. Cheche isiporudi, angalia nafasi kati ya koili na gurudumu la sumaku: mashine nyingi hutaka kama milimita 0.3, karibu unene wa kadi ya biashara, na kutu juu ya sumaku isafishwe. Baada ya hapo, mtuhumiwa anayebaki ni koili yenyewe.

Turudi kwenye mafuta, maana naamini ndiko ulikoanzia. Petroli haikai kama maji ya kisimani. Sehemu zake nyepesi, zile zinazogeuka mvuke upesi hata injini ikiwa baridi, ndizo zinazotoroka kwanza. Kinachobaki kinaungua kikipata moto wa kutosha, lakini hakishiki kirahisi kwenye injini baridi. Petroli iliyochanganywa na ethanoli ina kasoro ya ziada: inavuta unyevu wa hewa, na maji yakizidi hujitenga na kuzama chini ya tangi, mahali hasa penye bomba la kunyonyea. Mimi hupendekeza mchanganyiko usizidi mwezi mmoja. Wako una miezi minne. Nusa tangi: mafuta mabichi yanachoma pua, yaliyochacha yana harufu ya rangi ya mbao.

Changanya mapya, kidogo, lita moja tu. Kipimo cha 1:50 ni mililita 20 za oili kwa lita ya petroli. 1:25 ni mililita 40. Fuata kilichoandikwa kwenye mashine yako, na tumia bomba la sindano lisilo na sindano kupimia badala ya kukadiria kwa kifuniko cha chupa. Oili iwe ya injini za mipigo miwili. Ile ya gari imetengenezwa ikae ndani ya injini isiungue, na humu inaacha masizi na majivu.

Ushauri wa jirani wa kwanza nimeusikia mara nyingi sana, na unatoka kwenye nia njema. Lakini injini haikauki kwa kukaa stoo, na oili ikizidi haiwashi kitu. Tena kuna jambo watu hawalifikirii: kila tone la oili uliloongeza limechukua nafasi ya petroli. Kabureta inapima ujazo tu, haijui ni kitu gani kinapita. Kwa hiyo ukizidisha oili, petroli inayofika kwenye moto inapungua, plagi inachafuka, na tundu la kutolea moshi linajaa masizi. Oili ikipungua, hiyo ni hatari kubwa zaidi, lakini dawa yake ni kupima sawasawa tu.

Skrubu za kabureta zisiguswe. Miezi minne iliyopita mashine ilifanya kazi na skrubu hizo hizo, na hazijajizungusha stoo. Ukizizungusha sasa, hata nikikutatulia shida ya kwanza hutajua zilikuwa wapi. Kama tayari umezigusa, usione aibu kumwambia fundi.

Jirani wa tatu ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ni kipimo kizuri, ila kwa injini kavu. Kumwaga petroli kwenye silinda iliyolowa ni kumnywesha maji aliyezama. Petroli tupu nayo inaosha oili kwenye kuta za silinda. Kipimo chenyewe tutakihitaji baadaye, kwa hiyo kiweke akilini.

Basi rudisha plagi kavu, kaza kwa spana bila kulazimisha, weka mafuta mapya. Kile kipira laini cha plastiki kwenye kabureta kibonyeze mpaka uone mafuta yanapita ndani yake, kisha mara tano sita zaidi, ili mafuta ya zamani yaliyobaki kwenye kabureta yatoke. Watu huogopa kwamba kukibonyeza sana kunazidisha mafuta kwenye injini. Kwa mashine nyingi za aina yako si kweli: kipira kinavuta mafuta kupitia kabureta na kuyarudisha kwenye tangi, ndiyo maana kuna mabomba mawili. Kikibaki kimenywea baada ya kukiachia, kuna kitu kimeziba njiani, mara nyingi kichujio kidogo cha ndani ya tangi. Kisipojaa kamwe na kuonyesha mapovu tu, kuna bomba limepasuka linavuta hewa.

Jaribu kwanza bila choki, resi nusu, kwa kuwa ndani bado kuna mvuke. Ikikataa baada ya mivuto mitano, weka choki na vuta ukisikiliza. Sikiliza kweli. Utasikia "puf" moja, fupi, wakati mwingine bila moshi. Hapo hapo toa choki, au iweke nusu kama mashine yako ina nafasi hiyo, kisha vuta tena. Huo ndio mlango ulioupita juzi. Choki ikiwa imewekwa hewa karibu yote imezibwa, na baada ya kukohoa kila mvuto unaongeza petroli isiyo na hewa ya kuungua nayo.

Ikiwaka, iache ipate joto, itatoa moshi mwingi mwanzoni kwa sababu ya mabaki, usishtuke.

Isipowaka na plagi sasa iko kavu, ndipo kile kipimo kinapofaa: nusu kijiko cha chai cha mchanganyiko wako, si petroli tupu, kwenye tundu la plagi, funga, vuta. Ikiunguruma sekunde mbili tatu ikazima, cheche na kompresheni (nguvu ya pistoni kugandamiza) zipo, na mafuta hayafiki. Anza na vya bei rahisi: kichujio cha tangini, mabomba ambayo hukakamaa na kupasuka shingoni, na tundu la hewa la tangi. Hilo la mwisho lina tabia yake: mashine inawaka, inafanya kazi dakika kadhaa, inazima, na ukifungua mfuniko unasikia inavuta pumzi. Ndani ya kabureta kuna viwambo vyembamba vya mpira vinavyochezeshwa na pumzi ya chumba cha krenki. Petroli ya zamani huvifanya vigumu kama karatasi, na kiwambo kigumu hakipampu. Kuosha kabureta kwa nje hakutavilainisha. Kama una mkono mtulivu na mahali safi, unaweza kubadilisha seti ya viwambo na gasketi mwenyewe, ukipiga picha kila hatua. Kama vijitundu vyake vimeziba kwa gundi ya mafuta, usivichokonoe kwa waya, utavipanua. Kwa mashine ndogo za kawaida, mara nyingi kabureta nzima mpya inagharimu karibu sawa na muda wa fundi kuisafisha ya zamani, na sioni ubaya kuchagua hivyo. Kwa mashine nzuri ya gharama, ningetengeneza ile iliyokuja nayo, maana za kuiga hazipimi mafuta sawasawa.

Kabla hujafungua kabureta lakini, fungua ekzosi. Niliwahi kuifungua kabureta ya mteja mara tatu kwa siku mbili, nikiapa kwamba shida ni kiwambo. Siku ya tatu kijana aliyekuwa ananisaidia akachungulia kwenye bomba la moshi akakuta nyigu amejenga humo, udongo umekauka kama kigae. Injini isiyoweza kutoa pumzi haiwezi kuingiza nyingine. Mashine nyingi zina pia wavu mdogo wa kuzuia cheche kwenye ekzosi. Ukijaa masizi, mashine huwaka kwa shida au hukosa nguvu. Utoe, uusafishe kwa brashi ya waya, uurudishe.

Na ukiwa umeitoa ekzosi, una dirisha la kutazama pistoni. Vuta kamba polepole, mulika kwa tochi. Pistoni laini yenye mistari hafifu ya kiwandani ni salama. Ukiona mikwaruzo mirefu ya wima, chuma kimechanika kama kilichoburutwa juu ya changarawe, hiyo injini iliwahi kukosa oili au kupata joto kupita kiasi. Hapo hakuna kabureta wala plagi itakayokuokoa.

Kompresheni unaweza kuikadiria bila kipimo. Plagi ikiwa imefungwa na swichi imezimwa, shika mpini wa kamba na uiache mashine ining'inie juu kidogo ya ardhi. Injini yenye afya inashuka kwa kusitasita, hatua kwa hatua, kila pistoni inapopanda. Ikishuka moja kwa moja kama ndoo kisimani, ringi au silinda zimechoka. Ukipata geji, chini ya bar 6 hivi kuwaka kwake ni kwa taabu.

Kuna mahali ambapo ningekuomba uweke bisibisi chini uende kwa fundi. Cheche ikikosekana hata baada ya kuchomoa waya wa swichi. Pistoni ikiwa na mikwaruzo. Kamba ikikunyang'anya mkono na kurudi ndani kwa nguvu unapovuta: huenda ufunguo mdogo unaoshika gurudumu la sumaku umekatika, na cheche inakuja wakati usio wake. Au mashine ikiwaka kisha ikapandisha mzunguko yenyewe bila kubanwa resi. Hapo sili za krenki huenda zinavuta hewa, mchanganyiko unakuwa mwepesi, na ukiendelea nayo pistoni itaungua. Mafuta yakivuja popote, usijaribu kuiwasha kabisa.

Ukienda, mpe fundi habari kama ulivyonipa mimi: ilikaa miezi mingapi, ilikohoa lini, umegusa nini. Na ile plagi ya zamani usiitupe wala usiisafishe zaidi. Ifunge kwenye karatasi uende nayo.